Asiye Mpangaji Asijisumbue

Siku ya soko Bwera, mtu mwenye akili zake havai suruali nyeupe. Nobert Syahuka aliivaa, tena imepigwa pasi vizuri, na viatu vya kahawia vinavyong'aa. Alipita katikati ya wauza mawese macho yakiwa juu, kwenye mapaa ya mabati yaliyoegemeana, wakati watu wote wanatazama chini wanapokanyaga. Kidumu cha njano kilikuwa wazi njiani. Akakipiga teke, na mafuta mekundu yakamwagikia viatu vyake, yakaruka mpaka magotini.

"Weye mutu! Macho yako iko wapi?"

Aliyefoka hivyo aliitwa Aimée. Alikuwa amejifunga kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, kilemba kimekaa upande, na mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Vita vilimtoa upande wa Beni, Congo, akavuka mpaka hapo Mpondwe, akapanga chumba Bwera, na mawese ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

"Pole, nyabo. Sikukiona."

"Utaona vipi? Ulikuwa unatafuta nini kule juu, malaika?"

"Nilikuwa naangalia mabati."

"Mabati ilikuita?"

Wanawake wa vidumu vya jirani waliangua kicheko. Nobert akaingiza mkono mfukoni. Aimée akamkazia macho.

"Toa mukono mu mufuko. Nani amekuomba franga? Chutama, ushike kidumu, miye nikusanye yenye ingali safi."

Nobert akachutama katikati ya soko, akashika kidumu kwa mikono miwili. Alipotazama juu, yule mwanamke alikuwa anajizuia kucheka, na hakufanikiwa.

"Jina lako nani?" Nobert aliuliza.

"Aimée."

"Maana yake?"

"Mwenye kupendwa. Ni Kifaransa."

"Ee! Kwa hiyo kila anayekuita anakutongoza."

"Ndiyo sababu hapa sokoni wananiita Mama Mawese. Na weye, wa suruali nyeupe, uko mutu wa wapi?"

"Kwetu ni Kilembe. Kwa sasa niko hapa Bwera. Mimi ni mpangaji."

Uso wa Aimée ulifunguka. "Mupangaji? Kumbe weye wa kwetu! Miye pia niko mupangaji."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, na mimi ninayekusimulia nina hasira na neno hilo mpaka leo. Kiswahili kimewapa jina moja watu wawili wasiokaa meza moja. Anayelipa kodi ya chumba ni mpangaji. Anayechora mji, aseme hapa barabara, hapa ghorofa, hapa watu waondoke, naye ni mpangaji. Nobert alikuwa huyo wa pili. Kazi yake aliisomea Kampala kwa Kiingereza, na jina lake la Kiswahili akalipata kwa wapima ardhi wa Kitanzania aliofanya nao kazi Kasese. Aliposikia muuza mawese anasema naye ni mpangaji, alitazama vidumu vyake vilivyosimama safu safi kuliko mitaa mingi aliyowahi kuiona, akafikiri ni utani wa kupanga vidumu. Akacheka. Akampenda kwa ajili ya utani ambao haukuwepo.

"Na bosi yako je?" Aimée aliendelea, akichota mafuta kwa kiganja. "Wa kwangu ni muzuri, lakini kuna wengine!"

"Wa kwangu leo anataka hivi, kesho vile. Akikasirika anatishia kunifukuza."

"Bapangaji tunateseka, ndugu yangu."

"Sana! Na kila mtu anatulaumu sisi."

Waliachana wakiwa wameelewana kabisa, kila mmoja na lake: Aimée na mwenye nyumba wake, Nobert na mkubwa wake wa kazi.

Simu zilianza jioni ile ile.

"Halo, Suruali Nyeupe."

"Si nyeupe tena. Dobi amekataa hata kuigusa."

"Basi vaa ivyo ivyo. Itakukumbusha kuangalia chini."

"Nikitazama chini wewe nitakuonaje?"

"Ah, weye! Nani alikufundisha kudanganya batoto ya batu?"

"Nije unipe chai, bambi?"

"Kuja. Lakini chai yangu iko na tangawizi mingi. Inaunguza batu ya Kilembe."

Alikwenda, na akawa anakwenda. Aimée alikaa kwenye safu ya vyumba vya kupanga, vile ambavyo Uganda nzima huviita mizigo: mlango mmoja, dirisha moja, na ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Safu yenyewe ilikuwa ya Loyi, mjane wa Kikonzo aliyeachiwa kiwanja na mumewe. Chumba cha upande wa kulia wa Aimée alikaa Hilaire, fundi viatu mwenye watoto wengi na subira kidogo. Cha kushoto kilikuwa kitupu. Ua ulikuwa wa wote, moshi wa wote, na bomba moja la maji ambalo asubuhi lilileta ugomvi wa wote.

"Pamebanana hapa," Nobert alisema, magoti yake yakigusa kitanda upande huu na jiko upande ule.

"Pamebanana sana! Moshi inaingia, bomba ni moja, batoto ya Hilaire wanalia kama redio. Ningetaka nyumba yenye iko na hewa."

Nobert akalisikia hilo, akaliweka kichwani. Wataalamu ndivyo walivyo: ukilalamika kidogo huku unakunywa chai, wao wamekwisha kuandika kwamba mwananchi ameulizwa na amekubali.

Jumapili moja baada ya misa walikwenda Kasese mjini. Aimée alivaa gauni la zambarau na viatu vya kisigino ambavyo alivivua kila walipopata mahali pa kukaa. Walikula samaki kwa vidole. Nobert akamweleza habari ambayo hakuwa akiwaeleza watu: jinsi mto Nyamwamba ulivyofurika Kilembe akiwa kijana, jinsi nyumba za mgodi zilivyokuwa zimepangana ukingoni mgongo kwa mgongo, na jinsi watu walivyokosa hata kichochoro cha kukimbilia. Shangazi yake Tabisa alikuwa ndani. Mto ulimchukua pamoja na mlango wake.

"Ndiyo maana nachukia nyumba zilizobanana," alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Aimée akamfuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Pole, sheri wangu. Lakini sikia, miye nyumba yenye kubanana ndiyo iliniokoa. Malaria ilinikamata, niko peke yangu, na—"

Simu ya Nobert ikalia. Alikuwa bosi. Nobert akanyanyuka, akasogea pembeni, na aliporudi alikuwa na haraka. Hakuuliza Aimée alikuwa anasema nini. Hilo nalo nimelikumbuka.

Bosi huyo alikuwa Yosamu, mwenyekiti wa Kamati ya Mji Mpya. Zamani alikuwa jeshini, sasa alikuwa na hoteli Kasese na kampuni ya ujenzi, na kamati yake ilikuwa imepewa kazi ya kuleta mpango wa kuisuka upya Bwera ya katikati. Mizigo isiruhusiwe tena karibu na barabara kuu. Mwenye kiwanja ajenge ghorofa, na asiyeweza auze. Anayenunua ni nani? Usinifanye nicheke. Kampuni ya Yosamu, bila shaka.

Siku chache baadaye bodaboda ilipita mitaani na spika imefungwa nyuma: wapangaji wa mji wataonyesha mpango wao ukumbini kesho, saa nne asubuhi.

Aimée akampigia Nobert papo hapo. "Umesikia? Banatuita!"

"Nimesikia. Na wewe utakuja?"

"Nitakosa vipi? Nitakuwekea kiti."

"Usijisumbue, mpenzi. Mimi nitakaa mbele."

"Muone anavyojivuna!"

Kesho yake Aimée alivaa kitenge chake cha ndege, akawachukua majirani, wakaenda kwa miguu wakicheka. Mlangoni askari alinyoosha fimbo.

"Rudi nyuma! Wewe una kiwanja?"

"Afande, miye niko mupangaji. Mumetuita."

Askari alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Wapangaji ndio wale pale mbele. Wenye tai. Wewe unavaa tai?"

Aimée akachungulia juu ya bega lake. Mbele ya ukumbi, ramani kubwa imebandikwa ukutani, na Nobert amesimama na tai ya bluu na kijiti mkononi.

"Kama mpangaji wenu," alikuwa anasema, "ninaanza na tatizo. Hapa kuna msongamano. Vyumba vimebanana, hakuna hewa, gari la zimamoto haliwezi kupita. Hapa tutaondoa, tuweke ghorofa ya biashara na maegesho ya magari."

Kijiti kilikuwa kimetua juu ya safu ya Loyi.

Sijui Aimée alimpitaje askari. Alimpita.

"Nobert! Musongamano ni nani? Ni miye?"

Ukumbi uligeuka. Wenye viwanja waliovaa makoti walimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Ulikunywa chai mu ile musongamano!" Aimée alipiga kelele. "Ulilia, nikakufuta machozi! Gari itaegesha wapi, juu ya kitanda yangu?"

"Huyo ni nani?" Yosamu aliuliza.

"Anasema ni mpangaji," askari akajibu, na ukumbi mzima ukacheka.

"Toa nje."

Askari wawili wakamshika mikono. Aimée hakumtazama Yosamu. Alimtazama Nobert, akingoja neno moja tu. Nobert alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Unaweza kumsamehe mtu kwa ramani, ramani inafutwa. Ule mdomo wazi usio na neno ndio uliomchoma Aimée, na alipofika nyumbani alilia kwa hasira mpaka Loyi akaja kukaa naye.

Nobert alipiga simu, hakupokelewa. Akapiga tena. Mwishowe Aimée akapokea kwa sababu alikuwa na mengi ya kusema.

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya! Siku ya kwanza nilikuambia, mimi ni mpangaji."

"Mupangaji ni mutu anapanga nyumba!"

"Na mimi napanga mji!"

Wote wawili walilisikia lile neno kwa mara ya kwanza.

"Kumbe," Nobert alisema taratibu, "ulidhani nakodi chumba kama wewe."

"Na weye ulizani miye ni nani?"

"Nilidhani unatania. Vile vidumu vyako..."

"Maisha yangu ulizani ni utani."

"Aimée, lakini wewe mwenyewe ulisema pamebanana. Ulisema moshi, ukasema bomba—"

"Nililalamika sababu niko nyumbani kwangu! Mutu halalamike juu ya nyumba yake? Nikisema mama yangu anakoroma, utakuja umuue?"

"Nimeona watu wakifa kwa sababu ya nyumba kama hizo! Shangazi yangu—"

"Shangazi yako alikufa na muto! Hapa muto iko wapi? Lhubiriha iko chini kule kwa mupaka, siye tuko juu. Unaogopa Nyamwamba ya Kilembe, unakuja kuvunja nyumba ya Loyi. Kama uko na hasira na muto, kamalizane na muto!"

Akakata.

Nobert alikaa kwenye chumba cha hoteli alichokodishiwa na kamati, chumba chenye feni, pazia na hewa ya kutosha, akakasirika. Alimkasirikia Aimée kwanza, kwa muda mrefu. Alizungumza naye kwa sauti kama yupo. Alimwambia hajui kitu, hakusoma, hakuona maiti zilizotolewa kwenye matope. Kisha swali dogo la Aimée likamrudia. Mto uko wapi? Miaka yote alikuwa akichora kuukimbia mto mmoja, na kila palipokuwa na watu waliokaa karibu karibu yeye aliona maji. Aliona aibu. Aibu ikageuka hasira tena, na safari hii ilikuwa ya kumfaa mtu, kwa sababu alijikasirikia mwenyewe.

Akachora upya. Ghorofa, ndiyo, lakini juu ya kiwanja kile kile, kujengwa upande mmoja baada ya mwingine, waliokuwepo waingie kwanza kabla ya mgeni yeyote. Akaipeleka ramani hiyo kwa Yosamu Kasese.

Yosamu hakuikunjua hata karatasi. "Kijana, trekta langu la kubomolea liko Kinyamaseke, linangoja. Unataka niliambie lirudi?"

"Wanaokaa pale hatujawauliza, mheshimiwa."

"Matenanti?" Yosamu alitumia neno hilo kila alipowataja watu wa mizigo. "Matenanti ni watu wa kupita. Leo wako, kesho wako Congo. Sikiliza. Jumanne tunapitisha. Mtu wa wilaya anakuja kuhesabu mikono, atahesabu waliomo ukumbini, basi. Sitaki kelele kama za yule mwanamke. Tangaza kwamba hii ni kazi ya wapangaji. Wapangaji ndio wataamua. Asiye mpangaji asijisumbue kuja. Wewe una Kiswahili kizuri, tangaza kwa sauti yako."

Nobert alifungua mdomo kumsahihisha. Neno lilikuwepo safari hii, lilikuwa hapo ulimini. Akaufunga mdomo kwa makusudi.

"Nitangaze hivyo hivyo ulivyosema, mheshimiwa?"

"Neno kwa neno. Usiongeze kitu."

"Sawa, afande."

Kesho yake Aimée alikuwa sokoni, anamimina mawese, spika ya bodaboda iliposikika ikipanda kutoka upande wa mpaka. Sauti ilikuwa ya Nobert. Akageuka kusikiliza, mafuta yakamwagikia kitenge.

"Wapangaji wote wa Bwera! Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbini. Wapangaji ndio watakaoamua mpango wa mji. Narudia, wapangaji ndio watakaoamua. Asiye mpangaji asijisumbue kuja."

"Simama!" Aimée alimkimbilia yule wa bodaboda na funeli mkononi. "Rudia hiyo!"

Ikarudiwa. Aimée alisimama katikati ya njia, watu wanampigia honi. Mara ya kwanza mtu anaweza kukosea neno. Lakini huyu alikwisha kufokewa kwenye simu mpaka akalielewa, na sasa alikuwa analisema polepole, tena mara mbili, kwa sauti ya mtu anayejua analofanya.

Hakumpigia simu. Bado alikuwa amemkasirikia, na hasira yake haikuwa ya kununuliwa kwa tangazo. Lakini alifunga vidumu vyake mapema, akaanza kugonga milango.

"Hilaire! Umesikia banatuita?"

"Walituita siku ile, wakatutoa kama mbuzi."

"Safari hii ni siye peke yetu wanaitwa. Jumanne vaa shati."

Jumanne ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wauza mawese, mafundi viatu, wapika chapati, waendesha boda, walimu wa shule za msingi, akina mama na watoto mgongoni. Askari wa mlangoni alipouliza, kila mmoja alijibu "mupangaji", na yeye mwenyewe alipofikiri vizuri akakumbuka kwamba anakodi chumba nyuma ya stendi. Akashusha fimbo. Wenye viwanja, isipokuwa Loyi, walibaki kwao. Walisikia ni mambo ya wapangaji, na yawe ya wataalamu au ya mizigo, wao waliambiwa wasijisumbue.

Yosamu alifika akiwa na suti ya kijivu. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Nani ameleta hawa?"

Aliyejibu alikuwa Mayimuna, yule mtu wa wilaya, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Tangazo limewaleta. Nimelisikia mwenyewe asubuhi hii nikinywa chai pale stendi. Lilisema wapangaji."

"Nilimaanisha wapangaji wa mji!"

"Na siye tuko bapangaji ya porini?" Hilaire akauliza kutoka nyuma.

Kicheko kilipiga mabati. Yosamu akageuka kumtafuta Nobert, akamwona amesimama kando ya ukuta, hana tai.

"Wewe! Ulitangaza nini?"

"Neno kwa neno, mheshimiwa. Sikuongeza kitu."

Yosamu alitaka kikao kivunjwe. Mayimuna akasema hakusafiri kutoka Kasese kuja kuangalia watu wakirudi nyumbani, na kama wako wanaotaka kusema, waseme. Aimée akasimama. Alikuwa na kile kitenge chenye doa la mawese, hakukibadilisha.

"Miye naitwa Aimée. Wengine munanijua Mama Mawese. Munasema tumebanana. Ndiyo, tumebanana! Nani ametaka? Tuko hapa sababu soko iko hapa, mupaka iko hapa, shule iko hapa. Mukitupeleka mbali tutatembea na vidumu usiku mbaka jua inatoka, na nyumba yenye hewa itatusaidia nini?" Alivuta pumzi. "Nilipata malaria. Sikuweza kuita mutu. Hilaire alisikia kwa ukuta meno yangu inagongana. Alivunja mulango, akanibeba mbaka hospitali. Kama ningekuwa mu nyumba yenye iko peke yake, na hewa yake, ningekufa na hewa yangu."

Hakuwa akimtazama Nobert, lakini yeye ndiye aliyekuwa anaambiwa. Hii ndiyo habari iliyokatwa na simu siku ile ya samaki.

"Hatukatae gorofa," Aimée akamalizia. "Jenga gorofa, tupande. Lakini mwenye kukaa pale leo, akae pale kesho. Na mutu akitaka kuchora kitanda yangu, anigongee mulango kwanza!"

Loyi akanyanyuka polepole, kanga yake imefungwa kifuani. "Kiwanja ni changu," alisema. "Wamekuja kwangu na soda, wamekuja na vitisho. Nitajenga pamoja na hawa watoto, au sijengi. Nimemaliza."

Mayimuna akaomba mikono ya wanaoukubali mpango. Ikainuka ya Yosamu na ya watu wake wa karibu. Akaomba ya wanaoukataa, na hewa ya ukumbi ikaisha kwa mikono. Mpango ukarudishwa, na Mayimuna akatamka kwamba hakuna nyumba itakayoguswa mpaka uje mwingine uliozungumzwa na wanaokaa ndani yake.

Yosamu alimfuata Nobert mpaka usoni. "Huna kazi. Na chumba cha hoteli, ufunguo sasa hivi."

Nobert akautoa mfukoni, akampa.

Usidhani mambo yaliisha. Yosamu alikwenda Kasese, na nasikia bado anakwenda, anaingia ofisi hii anatoka ile, na trekta lake liko Kinyamaseke mpaka leo, magurudumu yameelekezwa Bwera. Watu wa Loyi wakilipita wanalitemea mate. Na wana haki.

Alasiri ile Nobert alifika kwa Loyi na begi moja, amevaa ile suruali ya kwanza, yenye doa la mawese. Aimée alikuwa uani anapepeta moto.

"Mama, wasingya," Nobert alimsalimu Loyi. "Natafuta chumba."

"Wewe ni nani?" Loyi aliuliza, ingawa alimjua.

"Mpangaji."

"Wa aina gani?" Aimée akauliza bila kugeuka.

"Wa kulipa kodi."

Loyi alikuna kidevu. "Kuna kimoja, kushoto kwa huyu. Ni pale ulipokuwa unataka kuegesha magari."

Nobert aliinamisha kichwa, akasogea karibu na jiko. "Aimée. Siku ile ukumbini nilikaa kimya."

"Nilisikia."

"Niliogopa. Nisamehe."

"Ningali na kasirani."

"Najua. Una haki."

"Moshi itakuingia macho pale unasimama. Peleka begi yako ndani."

Ndivyo alivyosamehewa nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa bado inachemka.

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya vilima vya Congo na kila jiko la safu limewaka, Nobert alikaa kwenye godoro lisilo na shuka, akampigia simu. Aliisikia ikilia upande wa pili wa ukuta.

"Halo?" alisema Aimée, na sauti yake ikamfikia mara mbili, ukutani kwanza, kwenye simu baadaye.

"Halo, mwenye kupendwa."

"Kata simu, bwana. Unapoteza chaji. Nakusikia ivyo ivyo."

Akakata. Akasogeza kinywa kwenye ukuta, na plasta ilikuwa bado na joto la jua.

"Aimée."

"Nini?"

"Nataka kukuoa."

Upande wa pili kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka sakafuni mpaka kikatulia. Nobert akangoja. Badala ya Aimée, sauti nene ikatoka kwenye ukuta wa mbali zaidi, ikapita chumba kizima cha Aimée na kumfikia Nobert bila kupungua.

"Mama Mawese!" Hilaire alipiga kelele. "Mujibu mutoto ya batu! Bugali inapoa hapa, na batoto bamekataa kula mbaka wasikie!"

Safu yote ikatega sikio, hata Loyi uani akaacha kukoroga. Aimée akaupiga ukuta kwa kiganja, upande wa kushoto.

"Nakubali!" alisema kwa sauti ya kutosheleza kila mtu. "Lakini ningali na kasirani!"